Bwana Haki na Mita Mbea

Ukiuliza mtaani kwao ni nani mtu mwaminifu kuliko wote, hutatajiwa kiongozi wa dini wala mwalimu mstaafu wa nyumba yenye geti la bluu, ingawa mwalimu mwenyewe angependa sana kutajwa. Utatajiwa msoma mita. Ndiyo, huyo huyo wa shirika la umeme, mwenye kofia iliyopauka na viatu vilivyolalia upande. Jina lake la kwenye kitambulisho hakuna anayelijua. Walimwita Bwana Haki, na hata mkewe siku akitaka kumchokoza alimwita hivyo.

Na jina hilo alilipataje? Wasoma mita tunawajua sote. Anabisha, anaingia, anatupia jicho ukutani, anabonyeza kimashine chake, huyo kaondoka. Wewe unabaki umeduwaa, hujui kaandika cha ukutani au cha kichwani mwake. Bwana Haki hakuwa hivyo hata kidogo. Yeye alisimama chini ya mita, akamwita mwenye nyumba kwa upole, akamwambia, "Nisomee wewe mwenyewe, mimi kazi yangu kuandika." Mwenye nyumba anavuta kiti, anapanda, anataja namba moja moja kwa sauti. Bwana Haki anabonyeza, anamwomba arudie asije akakosea, anashukuru, anakwenda zake. Jamani, mtu wa shirika anakupa wewe usome! Watu hawakuwahi kuona jambo kama hilo tangu wazaliwe.

Aliyelitangaza ni fundi cherehani wa nyumba ya kona, mwanamke mwenye sauti ya kufika barabara kuu bila kipaza sauti. Mtaa mzima unamwita Mama Cherehani. Mita yake iko juu ya mlango wa chumba cha kushonea, na siku ya kwanza alipoambiwa apande asome alidhani anataniwa. Aliposhuka pale kitini alikuwa mtu mwingine. Akawaambia wateja, wateja wakawaambia majirani, na haukupita muda hakuna nyumba iliyokubali tena kusomewa. Kila mmoja alitaka kusoma kwa macho yake. Ikawa ndiyo desturi ya mtaa. Watoto waligombania zamu ya kupanda, na bibi mmoja wa nyumba za nyuma akisikia mlango unabishwa alikwenda kwanza kutafuta miwani, ndipo akaja kufungua.

Kumbe wote hao kuna kitu hawakukijua. Bwana Haki alikuwa haoni namba.

Si kwamba alikuwa kipofu wa kupapasa ukuta. Njia aliijua, mashimo aliyajua, watu aliwatambua kwa sauti na kwa mwendo. Ila dunia yake ilikuwa imeingia ukungu, kama dirisha la jikoni sufuria likichemka, na jua likiwaka ndiyo kabisa, kila kitu kinakuwa cheupe pe. Namba za mita zilikuwa za kwanza kumkimbia. Siku ile namba zilipomtoroka moja kwa moja alikuwa kasimama katika chumba cha Mama Cherehani, shingo juu, jasho linamtiririka, na ulimi ndio uliomwokoa: nisomee wewe mwenyewe. Kimashine hakikumpa taabu, maana vitufe vyake vidole vilikuwa vinavijua siku nyingi. Basi akatoka mle ndani na sifa ambayo hakuitafuta, akaona haya kuikataa.

Mbona hakwenda hospitali? Hata mimi ningemuuliza, tena kwa ukali. Lakini baba yake alipofuka angali na nguvu zake, akamaliza umri wake akishikwa mkono hadi chooni, na Bwana Haki alishakata shauri kwamba ugonjwa ule ni wa ukoo, hauna dawa, unasubiri zamu ya mtu tu. Kwenda kwa daktari aliona ni kwenda kusomewa hukumu. Na shirika nalo lingejua, na msoma mita asiyeona ana kazi gani duniani? Angeonyeshwa mlango siku hiyo hiyo. Kwa hiyo akafunga mdomo. Hata mkewe hakumwambia. Akaishi miaka hiyo roho juu juu, anacheka na watu huku moyoni anahesabu mlango gani utamuumbua.

Ndipo zikaja mita mpya. Shirika liliziita mita mahiri: zinajisoma zenyewe, zinapeleka habari ofisini kwa njia ya hewa kama simu, na mtu akitaka kukukatia umeme hana haja ya kuja na ngazi, anabonyeza tu huko huko aliko. Mtaa ukaziita mita mbea, kwa sababu hazina siri ya nyumba. Mwalimu mstaafu, ambaye habari zake zote huzipata kwenye simu asubuhi kabla hajanawa uso, alieleza kwa kirefu kwamba mita ile itajua saa unayooga maji ya moto na siku uliyosafiri, na kwamba mionzi yake inakausha ubongo. Wengine walisema inakimbia kupita kiasi. Chumvi ilitiwa, tena ya kumwaga. Lakini neno la Mama Cherehani lilikuwa na uzito wake.

"Leo akija mkataji nasimama mlangoni," alisema. "Namwambia, mwanangu, nina nguo za watu mezani, nipe mpaka kesho. Naye ni binadamu, ana mama kwao. Nikikatwa kutoka ofisini nimlilie nani, ukuta?"

Basi mafundi walipokuja na gari lao lenye ngazi juu, walikuta akina mama wamekaa kwenye vigoda mbele ya mageti, wametulia kama wanasubiri mgeni. Mama Cherehani alikuwa ametoa cherehani yake nje kabisa, anashona pale pale langoni, atakayepita aruke. Jirani mmoja alifunga kisanduku cha mita yake kwa kufuli kubwa kama la ghala, kisha akapoteza ufunguo, ikabidi amwite mchomeleaji aje kumkatia, na mpaka leo hataki kukumbushwa. Mafundi wenyewe walikuwa vijana wa adabu. Walipewa maji, wakanywa, wakageuza gari.

Na ukutani kwa Mama Cherehani ilitundikwa shuka nyeupe yenye maandishi mekundu. Bwana Haki alipofika kwenye zamu yake ya kusoma aliona wekundu tu, akauliza kwa mzaha leo kuna sherehe gani hapa. Akasomewa kwa fahari: SISI TUNAYE BWANA HAKI, HATUTAKI MBEA.

Alicheka, maana angefanya nini. Kisha akaharakisha kwenda nyumba ya pili. Ukweli ni kwamba hapakuwa na mtu aliyeombea mgomo ule uendelee kama yeye, mwajiriwa wa shirika. Wasoma mita wenzake maeneo yao yalishabadilishwa mita, nao wakapewa viti ofisini mbele ya kompyuta. Yeye alibaki peke yake barabarani, kwa sababu ya ubishi wa mtaa huu. Kazi ya kusoma mita bila macho aliiweza, ajabu kama ilivyo. Kompyuta iliyojaa maandishi asingeimudu hata kufika chai ya saa nne. Siku mtaa utakapofungua milango, ndiyo siku yeye atakapoumbuka, na alilijua hilo kila alipopita chini ya shuka ile.

Shirika lilipochoka kugeuza magari likamtuma injinia, dada mmoja kijana mwenye subira ya ajabu. Aliita mkutano pale pale uani kwa Mama Cherehani, akakaa kwenye kigoda kama wengine, akasikiliza mpaka mwalimu mstaafu alipomaliza habari za ubongo, na hiyo si kazi ndogo. Kisha akasema hakuja kubishana. Alitaka afunge mita mpya pembeni ya ile ya zamani kwenye ukuta wa Mama Cherehani, waya ule ule, umeme ule ule upite kote kuwili. Namba ya kuanzia ya mita ya zamani iandikwe kwa chaki ukutani, kila mtu aione, mpya ianze na sifuri, na mwezi ukiisha walinganishe.

"Na atakayesoma ni nani?" aliuliza mwalimu. "Ninyi hatuwaamini. Nanyi najua hamtuamini."

Mama Cherehani hakufikiri hata kidogo. "Atasoma Bwana Haki. Akisema zimelingana, tunafungua milango. Akisema zimepishana, chukueni mbea wenu msirudi."

Makofi yakapigwa. Injinia naye akaafiki papo hapo, kwani si mtu wao wa shirika? Bwana Haki alikuwa amesimama nyuma karibu na geti, na katika watu wote wale hakuna aliyemuuliza yeye anasemaje. Akaegemea nguzo; safari hii asingeweza kusema nisomee wewe mwenyewe.

Mwezi ule alikonda. Chakula hakikupita. Mkewe akimuuliza kuna nini anasema ni tumbo, na mkewe anamtazama tu, anamtilia chai nyingine. Bwana Haki alikuwa anawaza neno moja: zimepishana. Angelisema hilo basi, kila kitu kingerudi kama zamani. Mita mpya zingeondoka, yeye angeendelea na barabara yake na kimashine chake mpaka astaafu kwa heshima, na hakuna ambaye angejua. Nani angehakikisha? Kuhakikisha kwenyewe ndiko huko alikopewa yeye. Yule dada injinia angeonekana tapeli, sawa, lakini ni kijana, angepata kazi nyingine. Hivyo ndivyo alivyojishauri, na kila akijishauri hivyo alijiona mdogo zaidi.

Siku ikafika, asubuhi yenye jua kali linaloingia moja kwa moja mlangoni. Chumba cha kushonea kilijaa pomoni, watu wengine wamekalia meza ya kukatia nguo, wengine wanachungulia dirishani. Kiti kiliwekwa. Mama Cherehani alikifuta kwa kitambaa, kama kwamba anapanda mkwe. Bwana Haki akapanda.

Alichokiona ni mabaka mawili meupe ukutani. Ya kushoto mita ya zamani, ya kulia mpya. Akasogeza uso mpaka pua ikakaribia kugusa kioo. Mabaka yale yale. Chini yake hata waliokuwa wanakohoa waliacha. Alivuta pumzi, neno likamjia mpaka kwenye meno.

Mtu mmoja huko nyuma akanong'ona kwamba leo mbona anachelewa. Mama Cherehani akamjibu taratibu, na kwa mara ya kwanza maishani mwake sauti yake haikuvuka chumba. "Mwacheni asome kwa nafasi yake. Huyu hawezi kutudanganya."

Hapo Bwana Haki aliona aibu ambayo hajawahi kuiona. Lile neno alilolipanga mwezi mzima akalimeza.

"Sioni," alisema.

Watu wakaanza kuhangaika kumsaidia. Mmoja akawasha taa, mwingine akavuta pazia kuzuia jua, mwalimu akafoka kwamba wanaosimama mlangoni wanaziba mwanga. Bwana Haki akashuka kitini polepole, akitafuta sakafu kwa mguu, na Mama Cherehani akamshika kiwiko.

"Si taa, dada yangu," alimwambia. "Ni macho. Siku nyingi sioni namba. Sikuwahi kuwapa msome kwa sababu ya haki. Niliwapa msome kwa sababu mimi siwezi."

 Yeye alisimama ameinamisha kichwa, anasubiri watakavyomfanya. Wa kwanza kufoka alikuwa mwalimu mstaafu, alisema wamechezewa, wamedanganywa miaka yote hiyo na mtu waliyemwekea shuka ukutani.

Mama Cherehani akamgeukia. Akamuuliza mita ya nyumba ya geti la bluu ilikuwa inasomwa na nani. Mwalimu akasema na yeye mwenyewe. Akamuuliza kama alikuwa anasoma sawasawa. Mwalimu akajikuna shingo. Akaanza sentensi, akaiacha njiani, akaanza nyingine. Kisha akasema kwamba ile namba ya mwisho wakati mwingine ilikuwa haionekani vizuri, na mtu huwezi kuapa. Kicheko kilichopasuka hapo kilivuka ua. Watu walishika mbavu, bibi wa nyumba za nyuma akavua miwani kufuta machozi, na mwalimu mwenyewe, kwa kukosa pa kujificha, akacheka pia.

"Basi msoma mita wa mtaa huu ni sisi," alisema Mama Cherehani. "Leo tu ndiyo tunajua."

Akapanda kiti yeye. Akasoma mita ya zamani namba moja moja kwa ile sauti yake ya barabara kuu, akasoma na mpya. Mtu akatoa ile namba ya chaki kwenye namba ya mita ya zamani. Zikalingana. Hakutosheka, akateremka, akapanda mwingine akasoma, akapanda na mwalimu mstaafu, tena huyu aliambiwa asome ile namba ya mwisho kwa makini. Zikalingana vile vile. Basi ubishi uliisha pale, bila kumpendelea mtu na bila kumwamini mtu, kwa macho yao wenyewe. Ila Mama Cherehani hakufungua mlango bure. Alimkalisha injinia, akamtaka aahidi mbele ya watu kwamba hakuna nyumba itakayokatwa umeme kabla mtu hajaja kubisha na kuongea na mwenye nyumba. Injinia akasema hilo atalipigania ofisini, na kwa kweli alilipigania, mpaka leo wanabisha kwanza.

Na Bwana Haki je? Alikuwa amekaa kwenye kigoda uani, mikono mapajani, na jambo lililomshangaza ni kwamba alisikia njaa. Mwezi mzima hakuwa amesikia njaa. Siri yake imemwagika mbele ya umati, kazi pengine imekwenda, na bado mwili ulikuwa mwepesi kama mtu aliyetua gunia. Akaletewa mkate na chai, akala wote, akaomba mwingine.

Injinia alimfuata pale, akachuchumaa mbele yake. Hakuanza na shirika. Alimwamkia, kisha akamuuliza kama ukungu ule unazidi kwenye jua, na kama taa za usiku zinatawanyika. Bwana Haki akakubali yote.

"Mama yangu alikuwa hivyo hivyo, mzee," alisema yule dada. "Walimtoa mtoto wa jicho. Sasa anatunga uzi kwenye sindano na kutusema sisi kwamba hatuoni vumbi."

Bwana Haki alimwambia kuhusu baba yake, kwamba kwao ni ukoo. Injinia akamjibu kwamba hayo atamwambia daktari, si yeye, na kwamba wafanyakazi wote wa shirika wanatibiwa bure, yeye amekaa na kadi mfukoni kama pambo. Bosi wa Bwana Haki alipopata habari alimgombeza kwelikweli, na alistahili, kisha akampa likizo ya ugonjwa na kumwambia kiti chake kipo, akaponye macho kwanza.

Daktari alimulika macho yale kwa muda mfupi tu, mfupi mno kwa mtu aliyeogopa miaka yote hiyo. Akasema ni mtoto wa jicho, kwenye macho yote mawili, ameiva, anatolewa. Bwana Haki alishusha pumzi ndefu hata daktari akasitisha kuandika. Kisha akamuuliza kuhusu baba yake. Daktari akasema hawezi kujua kwa mtu asiyemwona, lakini huenda mzee naye alikuwa na hilo hilo. Bwana Haki alilia kidogo pale kitini, akimlilia baba, na daktari akamwacha amalize.

Walianza na jicho la kulia. Siku ya kufunguliwa bandeji mkewe alikuwa amekaa mbele yake, mkoba magotini. Muuguzi akabandua plasta taratibu, akamwambia afungue jicho bila haraka. Kwanza ilikuja nuru. Halafu zikaja pembe za meza, na vumbi la dirishani, na kila kitu na ukingo wake. Halafu akaja mkewe. Ana mvi ambazo hakuzijua. Ana mikunjo miwili mizuri pembeni mwa mdomo. Na kichwani amefunga mtandio wa manjano, manjano yale makali ya kuumiza, ambayo ujana wao wote mwanamke huyu alikuwa akisema kwamba hata kwa kulazimishwa hayavai.

"Mbona manjano?" alimuuliza. "Wewe si hukuipenda rangi hii?"

"Siipendi mpaka leo," alisema mkewe. "Lakini sokoni, kwenye misiba, kwenye watu wengi, niligundua nikivaa hii unanifuata bila kuita. Rangi nyingine unanipita. Kwa hiyo nikanunua hii."

 Muuguzi akamwonya asilie, jicho bado bichi, akajibu kwamba halii, huku analia. Mkewe akasema sasa basi, imetosha. Akafungua fundo nyuma ya kichwa, akauvua mtandio ule, akaukunja vizuri, akautia mkobani, akamwambia waende zao nyumbani, leo mume atangulie, yeye ndiye atakayemfuata.